Nimemuua Asiyekufa wa Baba Mkwe

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie kabla baba mkwe wangu hajafanyiwa operesheni ya macho, maana akiona tu mimi nimekwisha, na nisikufiche, tangu daktari aseme kwamba mtoto wa jicho anaweza kutolewa nyumba nzima inashangilia, mume wangu anaimba bafuni, na ni mimi peke yangu ninayetabasamu kwa kujilazimisha, hata nikijitazama kwenye kioo najiuliza ni mkwe gani huyu anayeogopa mzee wa watu kupona.

Nianze na kazi yetu ili usipotee. Baba ndiye aliyeanzisha hadithi ya picha inayotoka kila wiki kwenye jarida letu, ile ya Msusi wa Radi, dada mwenye saluni anayesuka nywele za wateja siku za kawaida na kusuka umeme wa mawinguni mji ukivamiwa. Mwanzoni Msusi alikuwa anapambana na wezi na matapeli, akawamaliza wote, Baba akakosa adui, ndipo wiki moja akamwambia mchoraji achore majitu yaliyokaa juu ya vumbi la anga, makubwa kuliko dunia, yaliyokuwepo kabla ya nyota, akayaita Wakale. Walikuwa wa kujazia ukurasa tu. Wasomaji wakawapenda kuliko Msusi mwenyewe, basi Baba akawa anawaongezea habari, mara ni maadui, mara ni mahakimu wa sayari, mara ikajulikana kwamba wao ndio walioziotesha nyota kama mtu anavyootesha mboga, na kila akibadilisha anasema ya zamani haikuwa uongo, ni binadamu tu walikuwa hawajawaona vizuri. Yupo Kimya, akitamka neno moja jua linazimika, yupo Mama Giza, na yupo mkubwa wao, Mpima, anayeweka dunia moja moja kiganjani na kuamua ipi ibaki.

Mimi nilikuwa mchapaji wake, yeye anatamka, mimi nachapa, mpaka macho yalipofifia akaniachia hadithi yote, na siku hiyo aliniambia, "Mwanangu, badilisha unachotaka. Msusi muozeshe, mji uhamishe, shauri yako. Jambo moja tu usiliguse. Wakale hawazaliwi, hawazeeki, hawafi." Nikasema sawa Baba, na nilimaanisha.

Sasa mshauri, Mpima nimemuua.

Sikukaa nikapanga. Tatizo la asiyekufa ni kwamba haogopi kitu, na asiyeogopa kitu ukimweka kwenye hadithi anakaa tu pale kama kabati, kwa hiyo nikamshusha duniani, akachoka kupima, akapanga chumba kimoja nyuma ya saluni ya Msusi, akaanza kuota mvi, na nikishika kalamu mikono yake inafanya yale ninayoyaona nyumbani kila siku, anagusa ukingo wa kikombe kwa kidole kabla ya kumimina chai, anapapasa ukuta kutafuta mlango, analisalimia koti lililotundikwa akidhani ni mgeni, na mchoraji naye, ambaye amefanya kazi na Baba tangu wote wana nywele nyeusi, akampa Mpima mabega yale yale na kofia ile ile, bila kuniuliza. Halafu Mpima akafa. Amekaa kitini dirishani, anacheka, anamwambia Msusi, "Nimepima kila kitu isipokuwa siku ya kawaida. Nipe moja." Nililia nikichapa.

Wasomaji walilia pia, walituandikia kwa wingi, na kinyozi wa mtaani kwetu ndiye aliyezidi wote, maana yule ni msomaji sugu, kurasa zetu amezibandika ukuta mzima, mdomo wake hauna breki, na Mpima alipokufa alininunia kabisa, nikipita ananigeuzia mgongo, tena mume wangu akimpeleka Baba kunyolewa mwisho wa wiki anarudi na salamu za kuniuliza kama nina roho ya binadamu.

Kosa lenyewe hasa ni hili. Kila jarida likitoka, baada ya chakula cha mchana, Baba anakaa kwenye kiti chake, mimi namsomea. Toleo la kwanza ambalo Mpima aliota mvi nililifungua, nikamwona mzee ameinamisha sikio kunisikiliza, mkono uko kwenye ukingo wa kikombe, ulimi ukanigoma. Nikasoma kitu kingine. Nikabuni palepale, Mpima yuko juu kwenye vumbi lake, hana mvi hata moja, anapima dunia iliyojaa bahari. Wiki iliyofuata ikabidi niendelee kutoka hapo, na nyingine tena, na sasa nina mbingu mbili kichwani, moja inachapwa na nyingine iko sebuleni kwetu tu, nafunua kurasa kwa mwendo unaofaa, nasema "hapa kuna picha kubwa ya Kimya amefumba macho" wakati mbele yangu pamechorwa mazishi. Siku moja mume wangu alikaa nyuma yangu na kikombe chake, akatupa jicho kwenye ukurasa, akanisikia ninachosoma, akapaliwa mpaka tukampiga mgongo. Kazini nako nilimuuliza mchoraji kama ameshamaliza ile dunia ya bahari, akanitumbulia macho, "Dunia gani tena?"

Baba anafurahi, hilo ndilo linaloniumiza. Kila nikimaliza ananiuliza, "Na Mpima mzima?" nami najibu, "Mzima, Baba, yule si hafi," naye anacheka mpaka anakohoa. Wiki moja jarida lilichelewa kiwandani, nikashika gazeti la kawaida nikamsomea hivyo hivyo, akasema tu, "Karatasi ya leo ina sauti nyingine," nikamjibu wamebadilisha karatasi.

Na sasa anasema akitolewa bandeji kitu cha kwanza ni kusoma matoleo yote aliyokosa kwa macho yake mwenyewe. Ameshaagiza yapangwe mezani. Atamkuta Mpima amezeeka, atakuta kikombe, atakuta koti, atakuta kiti chake. Nitamwambia nini? Mume wangu anasema "si umwambie tu," lakini yeye tangu apaliwe na chai hawezi kulizungumza bila kucheka. Namheshimu mzee huyu kuliko ninavyoweza kuandika, na yeye ndiye aliyenipa kazi. Nisaidie.

Mkwe Mwenye Mbingu Mbili

*

Mkwe,

Pole. Sasa futa machozi, kaa vizuri, nikuseme kidogo, maana umenichosha na kunichekesha kwa barua moja.

Umeniandikia kana kwamba kosa lako ni kuvunja sheria ya Wakale. Acha hizo. Baba mkwe wako amewageuza hao Wakale wake kuwa maadui, mahakimu na wakulima wa mboga, na kila mara alikuwa na maelezo mazuri. Mtu wa namna hiyo hatakufukuza nyumbani kwa sababu jitu lake limeota mvi. Wewe mwenyewe unalijua hilo, ndiyo maana hukuficha kifo cha Mpima kwa mchoraji, kwa mhariri wala kwa wasomaji. Ulikificha kwa mtu mmoja tu. Huogopi aone kwamba Mpima amekufa. Unaogopa aone kwamba mkwe wake amekuwa akimtazama akizeeka, na kwamba ameshamlilia angali mzima. Hilo ni zito, silifanyii mzaha, na nakupa pole kwa moyo wote. Lakini si dhambi. Wanaotupenda hututazama, na sisi huwatazama hivyo hivyo.

Sasa nisome polepole. Mama, hivi wewe huwa unasoma ulichoandika? Unaniambia kinyozi mdomo wake hauna breki. Unaniambia ukuta wake umejaa kurasa zako. Unaniambia amenuna tangu Mpima afe. Kisha unaniambia, tena unapita tu kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba baba mkwe wako hunyolewa na kinyozi huyo huyo kila mwisho wa wiki! Unafikiri wanazungumzia nini pale, na mzee amefungwa shuka shingoni hawezi hata kukimbia? Unafikiri kinyozi amekaa na muasisi wa Msusi wa Radi kitini kwake, ameumia vile, halafu akajikaza asitaje?

Huyu ni mzee anayesikia tofauti ya karatasi. Macho yake yana ukungu, masikio hayana. Kila wiki anakuuliza kama Mpima ni mzima, ukimjibu ni mzima anacheka mpaka anakohoa, na wewe unadhani anacheka kwa furaha ya habari njema. Sina hakika, sijakaa sebuleni kwenu. Ila ningekuwa mimi ni wewe ningeanza kujiuliza ni nani kati yenu anayemficha mwenzake.

Ujue pia kwamba hata kama nimekosea na mzee hajui lolote, ushauri wangu ni ule ule. Usimwache asome peke yake. Hilo ndilo litakalomuumiza, kukaa na rundo la karatasi na kugundua mwenyewe, huku wewe umejificha jikoni unasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Mwambie kabla ya operesheni. Usianze na "Baba nisamehe" na kwikwi, utamtisha, atadhani mtu amekufa, mtu halisi. Saa ile ile ya kawaida, baada ya chakula, chukua toleo lile ambalo Mpima anaota mvi. Mwambie, "Baba, leo nakusomea kilichochapwa." Kisha soma. Kila kiputo cha maneno, kila picha, kikombe, koti, kiti, mpaka mwisho wake. Ukifika penye kilio, lia, lakini usiruke hata neno. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake, na kesho yake mpelekee chai.

Na mumeo atoke sebuleni. Akacheke nje.

Ukishamaliza hayo, achana na habari ya mbingu mbili. Mtu mmoja hawezi kubeba mbingu mbili na kupika.

Mshauri

*

Wasomaji wangu, kwa kuwa operesheni haisubiri ukurasa wetu, jibu hilo nilimtumia kwanza nyumbani. Ameniandikia tena na kuniruhusu niichape barua yake.

Mshauri wangu,

Nimepumua! Naandika huku nacheka peke yangu kama mwehu. Nilifanya ulivyosema, nilishika toleo la mvi, nikamwambia nasoma kilichochapwa, Baba akasema tu, "Haya," akaweka kikombe chini. Nilisoma mchana ule na mchana uliofuata, hakunikatiza hata mara moja, na nilipofika kwenye kiti cha dirishani nikashindwa kuendelea, basi nikasikia yeye ndiye anaendelea, "Nimepima kila kitu isipokuwa siku ya kawaida. Nipe moja." Neno kwa neno.

Nikamwambia, "Baba! Kumbe unajua?"

"Kinyozi amenisomea mpaka nimekariri," akasema. "Nilimuuliza huyo mzee amekufaje, akaniambia amekufa anacheka, tena dirishani, hana maumivu. Nikasema basi, mkwe wangu ameniua vizuri."

Nililia, mshauri, na yeye alilia kidogo, kisha akaanza kucheka, nami nikamfuata, mpaka mume wangu akarudi mbio kutoka nje akidhani kuna jambo. Nikamuuliza Baba mbona hakuniambia muda wote huo, niache kuhangaika na bahari za kubuni. Akasema, "Ningekwambia, ungeacha kunisomea ile nyingine. Hii wanaisoma watu wote. Ile ilikuwa yangu peke yangu."

Operesheni imekwenda salama. Jicho la kwanza linaona, anasoma mpaka maandishi ya kopo la dawa, anatusomea sisi tuliosimama pembeni, na kinyozi amenisamehe, alinipungia mkono juzi. Jarida la wiki hii Baba amelisoma mwenyewe kitini kwake, ukurasa kwa ukurasa, amesahihisha na koma moja. Alipomaliza alilikunja, akanikabidhi, akaegemea kiti na kufumba macho yote mawili, lile zima na lile linalosubiri zamu yake.

"Haya," akasema, "sasa nisomee ya kwangu."

Umeniambia niachane na mbingu mbili. Nifanye nini?

*

Mkwe,

Nimefuta hiyo sehemu ya ushauri wangu. Nenda kamsomee.

Mshauri