Gunia Langu la Shukrani

Bariadi, Jumapili, 14 Julai 1996

Mkono ulinyunyizia pamba maji kwa mazoea, sikukusudia. Tangu waje wanunuzi binafsi hakuna anayekagua pamba, na sisi wote tunailowesha ili mizani ipande. Lakini gunia lile lilikuwa sadaka ya mavuno.

Leo mchungaji kalinyanyua mbele ya kanisa zima. "Wabeja, asante sana, Mama Kulwa. Zito kweli. Huyu dada amekua kiroho." Wakapiga vigelegele, nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Sasa liko stoo, limebanwa na magunia ya wenzangu. Pamba iliyoloa huvunda, na ikivunda inaharibu na ya jirani.

Jumapili ijayo mchungaji atanizamisha lamboni, nibatizwe. Naogopa kuungama. Yale maji nayaogopa zaidi.