Bibi, Nimetuvua Nguo

Mke mwenzangu,

Shikamoo. Najua huko uliko hupokei salamu ya mtu kabla hujamuuliza mume wako amemwacha katika hali gani, kwa hiyo nianze na yeye. Babu yupo. Anakula, analalamika, na bado ananiita mchumba mbele ya wageni kama alivyokuwa akifanya ukiwa hai, ili tu wewe upaze sauti kutoka jikoni kwamba mtoto umemlea mwenyewe halafu anakuibia mume. Siku hizi akisema hivyo jikoni kimya. Anasubiri kidogo, kisha anaendelea na habari nyingine. Miguu yake imeanza kugoma tangu mvua za vuli, lakini hilo nitalifikia.

Mama anaanika michembe ya viazi peke yake juu ya lile jiwe nyuma ya nyumba. Kigoda chako kipo palepale, kuku wanakikalia watakavyo. Mimi niko mwaka wa mwisho wa uuguzi hapa Mwanza, bado nimepanga kile chumba cha Igogo ulichokuja kukiona mara moja tu, ukasema watu wa mjini mnaishi juu ya mawe kama pimbi.

Nakuandikia kwa sababu nimelisema lile ulilonikataza kulisema. Nimelisema ofisini, mbele ya watu watatu nisiowajua, na sijutii. Kama umekasirika, kasirika. Lakini nisikilize kwanza, maana wewe mwenyewe ulikuwa hukubali kuhukumiwa kabla hujasikilizwa.

Kuna shirika hapa mjini linafadhili wanafunzi wa uuguzi wanaotaka kuendelea na masomo. Niliomba wanisomeshe uuguzi wa wazee. Wakaniita kwenye usaili. Mwenyekiti wao ni mama mmoja wa makamo, mpole, sauti yake kama ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Aliniuliza kwa nini wazee, na kabla sijamaliza sentensi ya kwanza akatabasamu: "Binti, huku kwetu wazee wana watoto wao. Hayo mengine ni mambo ya Wazungu." Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Bibi, damu ilinipanda. Wewe ulikuwa na watoto! Ulikuwa na watoto, wakwe, wajukuu, majirani na kwaya nzima ya kanisa. Ulipovunjika nyonga, hospitali wakakurudisha ukalale nyumbani, nyumba yetu ya Misungwi haikukaukiwa na watu. Baba alikununulia godoro jipya. Mama alikuletea uji kila asubuhi, akapiga magoti kukupa. Kila aliyekuja alisimama mlangoni akakuamkia, akauliza umelalaje, ukasema vizuri, akaondoka ameridhika. Sijui mzee mwingine aliyeheshimiwa vile. Na hakuna hata mmoja aliyefunua shuka akaangalia mgongo wako.

Wangeanzaje? Baba ni mtoto wako wa kiume, na utupu wa mama mzazi hautazamwi hata kama mtoto mwenyewe ana mvi. Mama ni mkwe wako. Alikuwekea beseni la maji ya moto na sabuni, akatoka, akafunga mlango ili uoge kwa amani, wewe uliyekuwa huwezi hata kujigeuza. Mashangazi wameolewa mbali. Na wewe nawe, jeuri wewe, ukawa unakoroga sabuni kwenye beseni kwa mkono mmoja ili Mama akirudi akute povu ajue umeoga. Uliniambia mwenyewe, tena kwa majigambo.

Nilipokuja likizo nilisikia harufu nikiwa bado mlangoni. Wodini nilikuwa nimeshaizoea, sikuhitaji kuambiwa ni ya nini. Ungekuwa mgonjwa wangu wa kawaida ningekuomba ruhusa kwa maneno ya darasani, nawe ungenifukuza. Nikakwambia, "Mume wetu amenituma nikukague. Anataka kujua kama bado unafaa au aoe mwingine." Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema, "Kagua, halafu ukamwambie bado nafaa kuliko wewe," ukaniachia nikugeuze. Mjukuu haonewi aibu. Katika nyumba ile nzima nilikuwa mtu pekee ambaye ungeweza kumvulia nguo bila kujisikia umedhalilika.

Kile kidonda, Bibi. Kingemeza ngumi yangu. Nililia kwa macho tu, mikono ikaendelea na kazi. Nilichemsha maji nikaosha, nawe ukawa unanitukana kwa Kisukuma na kunishukuru papo hapo, wabeja, wabeja, ole wako ukinibana tena. Nilipomaliza ukanishika mkono. "Usimwambie baba yako. Ataona amenitupa." Asubuhi yake homa ilikuwa imepanda, tukakupeleka hospitali, wakasema maambukizi yameingia kwenye damu. Hukurudi.

Msibani msemaji wa familia alisimama akasema umetunzwa na wanao mpaka dakika ya mwisho. Watu wakasema amina. Nilikaa kwenye mkeka nimeuma meno, maana hakudanganya. Walikutunza. Walikupenda, wamegeuza nyuso pembeni. Ningepata mtu wa kumchukia ingekuwa nafuu, lakini simwoni. Nani nimchukie, Mama aliyepiga magoti?

Basi yote hayo nikayamwaga mbele ya wale watu watatu. Beseni, povu, utani wetu, kidonda, amina. Nilisema bibi yangu hakufa kwa kukosa watoto, alikufa kwa sababu watoto wake walimheshimu na hakuna aliyewafundisha kwamba kumgeuza mama yako kitandani ni heshima pia. Mmoja wao, baba aliyekaa pembeni, akakohoa, akauliza kama nategemea kuwatania wagonjwa wodini, maana uuguzi una maadili yake. Swali zuri, sikumlaumu. Nikamweleza habari ya mzee mmoja wa Ukerewe aliyekataa katakata kuogeshwa na sisi wanafunzi. Nilimwamkia, nikakaa chini kabisa usawa wa kitanda chake, nikamwambia mimi ni mjukuu tu, nimekuja kusikia habari za wanawake waliomkataa ujanani. Aliniambia habari hizo zote huku namsugua mgongo. Yule baba akacheka bila kupenda. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa anaangalia dirishani.

Mwisho akaniambia ukweli, na namshukuru kwa hilo. Mwaka huu hakuna mfadhili wa wazee. Ila ipo nafasi ya mama na mtoto, na nikikubali kubadilisha, ni yangu. Nimjibu Jumatatu.

Nikampigia Baba. Alifurahi, akamwita Mama, nikasikia kigelegele. Halafu akauliza niliwaambia nini hata wakanipenda, nami nikamwambia. Yote. Hata kidonda, ambacho hakuwa amekijua mpaka dakika ile. Akasema, "Umetuvua nguo mbele za watu." Akakata.

Umetuvua nguo! Nilikaa juu ya jiwe mbele ya chumba changu, ziwa lote liko chini pale linameremeta kana kwamba halina habari, nikalia kwa hasira. Nguo ndiyo iliyokuua, Bibi. Laiti mtu angekuvua nguo mapema, mtu yeyote, ungekuwa unanitukana hadi leo. Ndiyo, nimetuvua nguo. Na nitatuvua tena kila nitakapoulizwa.

Jumatatu nilipanda ngazi za ile ofisi nikasema hapana. Sikatai akina mama na watoto, Mungu awabariki, wana watu wengi wanaowapigania na bado hawatoshi. Lakini mimi nimeitiwa kingine. Mwenyekiti alinishikilia mkono, akasema kiburi changu kitanichelewesha, kisha akasema milango itafunguliwa tena mwakani. Wenzangu darasani wananiita kichaa. Mmoja wao ndiye aliyepewa ile nafasi, na nimempongeza kwa moyo mweupe, karibu mweupe.

Baba hakuongea nami kwa wiki nyingi. Salamu zake zilikuja kupitia kwa Mama, zimepoa kama ugali wa jana. Sikuomba radhi. Nilitaka kuomba, nilishika simu mara kadhaa, lakini ningeomba radhi ya nini? Nilimpenda bila kumwomba radhi, nikasubiri.

Jumapili iliyopita, watu wakitoka kanisani, akanipigia mwenyewe. Hakusalimia. Akasema, "Kabula, mtu mzima unamgeuzaje bila kumuumiza?"

Babu hainuki tena, Bibi. Miguu imekataa kabisa. Nikamwambia Baba aweke simu juu ya meza, sauti kubwa. Nikamwambia kwanza umweleze unachotaka kufanya, usimshike tu kama gunia. Kunja goti lake la upande wa mbali. Mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga, umvute taratibu aje upande wako. Mto nyuma ya mgongo. Sasa funua, angalia, gusa sehemu alizolalia. Nilimsikia Babu akiguna kwamba hajawahi kuona mtoto asiye na adabu kama huyu. Nikamsikia Baba akimjibu, "Nyamaza, baba, nakuangalia." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia, lakini hakuacha. Akasema pana wekundu kidogo tu. Wekundu unatibika.

Alipomaliza akaichukua simu akatoka nje, nilisikia mbuzi. Akaniuliza kama wewe uliumia sana. Nikasema ndiyo, na kwamba ulicheka pia. Halafu akasema, "Mwakani wakikuambia tena kwamba wazee wana watoto wao, wape namba yangu ya simu. Waniulize mimi."

Bibi, hilo ndilo nililotaka ulijue kabla hujaendelea kunikasirikia. Ulale sasa, upande wowote unaopenda. Mwakani nitapanda zile ngazi tena na ombi lilelile, na wakinikatalia, mwaka utakaofuata pia. Na namba ya Baba nitawapa. Nakuahidi.

Mjukuu wako,
Kabula