Kizibo Kisichoshika Kitu

Baba mpendwa,

Goti lako linavumiliaje baridi hii? Na Mama, bado anabishana na daktari juu ya chumvi? Mimi huku Silibwet mwili ni mzima, ila moyo umechoka, na nakuandikia wewe kwa sababu ulipanda nguzo za simu miaka mingi. Wengine nyumbani watanicheka.

Unajua nilikuja huku kutunza kompyuta ya chama cha maziwa. Ni kuukuu, ya kupewa, na ndani ina diski nne zilizochomekwa kwenye waya mmoja bapa kama utepe. Mwishoni mwa waya kuna kizibo kidogo kisichoshika diski yoyote. Kazi yake ni kuzima ishara ya umeme ikifika mwisho. Ikikuta mwisho mtupu inarudi nyuma, inagongana na zinazoifuata, na diski haziwezi kusikilizana. Wewe ndiye uliyenieleza hayo kuhusu laini za simu nikiwa darasa la sita.

Sasa tuna katibu, Mzee Koech. Kwake, kila Ijumaa kitu kisicho na kazi ofisini kinarudi stoo. Ijumaa iliyopita nilikuwa Chepilat, yeye akafungua kompyuta apanguse vumbi, akaona kizibo, akakipeleka stoo.

“Wairimu, hii kitu haijashika kitu yoyote,” aliniambia Jumatatu. “Ng'ombe ikikauka, si tunaacha kuipatia chakula ya dairy meal?”

Nikaeleza. Nikachora. Akawasha mashine, na kwa bahati mbaya ikawaka.

“Unaona? Waya ni waya.”

Ikawaka mara mbili. Mara ya tatu diski mbili hazikuonekana, naye akalaumu stima. Nilipoomba kizibo, mwenye ufunguo wa stoo alikuwa ameenda matanga Soin hadi Jumatano. Baba, nilitaka kulia kwa hasira.

Rekodi za ng'ombe ziko kwenye diski hizo mbili, kila mmoja na fahali aliyemzaa, ili wa damu moja wasipandishwe wakazaa ndama dhaifu. Jumanne akaja Mama Chebet, mjane ninayekaa kwake. Ana mtamba mmoja tu, Neema, ambaye alikuwa kwenye joto la kutaka dume. Mama Chebet alitaka kujua Neema apandishiwe mbegu ya fahali yupi, na joto la ng'ombe halingoji Jumatano. Mzee Koech akasema anakumbuka kila kitu kwa kichwa, akataja fahali. Mama Chebet akaniangalia mimi. Nilikuwa nimechoka kubishana, nikanyamaza. Mbegu ikapandwa mchana huo.

Jumatano nikarudisha kizibo na diski zote nne zikaonekana. Nikafungua ukurasa wa Neema. Fahali yule ndiye baba yake.

Mzee Koech alisoma mara mbili, akavua kofia.

“Usiambie Mama Chebet sasa,” akasema. “Pengine hata haina mimba.”

Siku mbili nimemtii. Mama Chebet ananiwekea mursik, maziwa yao ya kugandisha, kwenye kibuyu, anapanga atakavyouza maziwa Neema akizaa ili binti yake Chebet arudi shule. Kila nikimeza nasikia aibu. Nimemkasirikia mzee, lakini Jumanne aliyeulizwa kwa macho ni mimi.

Nisalimie Mama, kaka yangu mkubwa na mkewe, na shangazi wa ng'ambo ya mto. Mwambie dada yangu mdogo asome fizikia, hata wakimcheka.

Mama Chebet ameniita jikoni nikanywe chai. Namwambia sasa, kabla hajanimiminia.

Binti yako,
Wairimu