Picha za Ngege Ulizotuachia

Ouma rafiki yangu,

Nakuandikia nikiwa hapa ofisini Kaloleni, kwenye ile meza yetu inayoyumba. Kikombe chako bado kiko dirishani, sijakiosha wala sitakiosha. Usinicheke. Tangu tukuzike kwenu, nimebaki na bosi peke yake wa kubishana naye, na ubishi wake hauna ladha.

Sasa sikia. Alitaka kufuta picha zako, zile za ngege, samaki wetu wa ziwani, ulizokuwa ukipiga ufuoni Dunga ukienda kununua kitoweo. Eti zina giza, zimetikisika, na ni kweli kwamba tukiziondoa, modeli yetu ya kompyuta ya kutambua samaki mbichi inapata alama za juu zaidi. Basi akaziweka kando, akailisha zilizobaki ijifunze kwazo. Juzi tukaipeleka ufuoni kuijaribu, kabla wenye chumba cha barafu hawajaanza kuitumia kupokea samaki. Ikaonyeshwa ngege aliyekwisha kunuka, ikasema ni wa leo. Mbele ya watu! Bosi aliikodolea macho simu yake kana kwamba imemtukana.

Mimi nilikuwa namtazama Mama Achieng, yule muuzaji wako. Kabla hatujainua simu alishachota maji, akawamwagia samaki wake na kuwageuza upande mzuri. Nikamuuliza kwa nini.

"Ai, wewe Akinyi! Nipigishe samaki yangu picha ikiwa kavu hivyo? Customer atanunua kweli?"

Hapo nikaelewa. Picha zote za samaki wabichi tulitumiwa na akina mama wa soko, na hakuna hata mmoja anayepiga picha kabla ya kumwaga maji. Wabovu tuliwapiga wenyewe ofisini, bila tone la maji. Kumbe modeli ilichojifunza ni kung'aa kwa maji tu, na yule aliyenuka alikuwa amelowa. Ni wewe peke yako uliyepiga ulichokikuta mezani, mbichi akiwa mkavu, mbovu akiwa amelowa. "Tazama kwanza, ndipo ulishe," ulikuwa ukituambia, na bosi akiona unachelewesha kazi.

Nimemwambia picha zako zinarudi, zote, ama namwachia ofisi yake. Akanuna, akakubali. Nina hakika na kazi hii kuliko nilivyowahi kuwa na hakika na kitu chochote.

Ila kulikuwa na jambo moja. Unajua kabla ya kulisha lazima kila picha ikatwe, abaki samaki tu. Ni mstari mmoja wa programu, nimeuandika mara nyingi. Nilipofungua picha zako nikauona mkono wako. Karibu kila picha, Ouma. Kidole gumba kimebana mkia, kile chenye ukucha ulioharibiwa na mlango. Nililia mchana kweupe, bosi akatoka nje kwa aibu. Mstari niliuandika, lakini kuuambia uende nikashindwa.

Leo asubuhi nimeuendesha. Ungenigombeza kama ningeendelea kungoja, na Ijumaa chumba cha barafu kinaanza kazi, watu watakula kile modeli itakachokubali.

Picha nzima, kabla hazijakatwa, nimeziweka kwangu. Nakuahidi hakuna atakayezifuta nikiwa hai, na hazitalishwa mashine yoyote. Samaki nimeipa modeli. Mkono nimebaki nao mimi.

Oriti, kwaheri rafiki yangu. Lala salama.

Akinyi