Meno ya Kupimia Mpunga

Wang'uru, Mwea

Kwa mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Mguu wako unaendeleaje, na ile baridi ya Nkubu imepungua? Mimi ni mzima, ila nina hasira, na nimeona heri usikie habari kutoka kwangu kabla watu hawajakuletea uvumi.

Unajua hapa kiwandani sisi wanawake tuliotoka mbali huanika mpunga kwenye maturubai na kuugeuza kwa miguu juani. Ambalo sikukueleza vizuri ni jinsi tunavyopima. Kabla mpunga haujaingia mashineni kukobolewa, mtu huuma punje. Ikibonyea, mpunga bado ni mbichi na mashine itauvunja. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Miaka mitatu mpimaji nimekuwa mimi, bila cheo, kwa sababu sikosei.

Mwezi wa tano meneja wetu, Bwana Gathogo, alitangaza kwamba anataka mpimaji rasmi. Niliomba. Akaniambia nitaolewa nirudi Meru, na tena wanaume wa mashine hawawezi kungojea ruhusa ya mwanamke wa kuja. Kazi akampa Waweru, kijana wa hapahapa, kisha akaniagiza nimfundishe. Nikamfundisha, mjinga mimi. Waweru hakuwa na subira ya kujifunza. Kila siku alinifuata nyuma ya magunia na punje kiganjani, niume mimi, akatangaze yeye.

Jumanne nilichoka. Alipokuja nilimwambia mbele ya watu wote, "Si wewe ndio ulipewa kazi? Uma."

Akauma, akasema umekauka. Mama, nilikuwa nimeutembea ule mpunga tangu asubuhi na nilijua ni mbichi. Nilinyamaza. Mchele ulitoka vipandevipande, gunia baada ya gunia.

Gathogo aliniita akauliza mbona sikusema. Nikamjibu kwamba kusema ni kazi ya mpimaji. Akanipa njia moja tu: niendelee kumpimia Waweru kimyakimya, ati mambo yaishe. Nilikataa, naye akanifuta kazi siku hiyohiyo.

Sasa nina jambo la kuungama. Kile cheo nilichokuandikia, ukasimama kanisani kukitolea shukrani, sikukipata. Nilikudanganya. Nilikuwa na hakika ni changu, nikakuandikia kabla hakijatolewa, kisha aibu ikanifunga mdomo. Kosa hilo ni langu na naomba unisamehe. La kumnyamazia Waweru siliombei msamaha.

Jana Gathogo alimtuma Lavender, yule wa Busia ninayekaa naye chumba kimoja, aniambie nirudi. Nimejibu kwamba nataka barua ya kazi yenye jina langu. Haijaja, nami siendi.

Nisalimie kaka Miriti na watoto wake, na majirani wote wanaoniulizia. Na Jumapili, tafadhali simama tena kanisani. Waambie mwanao hakupewa kile cheo, na kwamba amefutwa kwa kukataa kukifanyia kazi huku mwanamume akikivaa. Usiinamishe kichwa ukisema.

Ni mimi bintiyo,
Karambu