Ndugu wa Tumbo Moja

Jumatatu, 3 Juni
Nimefungua duka la dawa saa mbili. Wa kwanza mgongo, wa pili jino, wa tatu mgongo tena. Mtaa mzima wa Shanwe unaumwa mgongo. "Dada, nipe ile ya mgongo." Nikisema hakuna dawa ya mgongo, ipo ya maumivu, wananiona nina roho mbaya. Kidonge hakina ramani ya mwili. Nimechoka kulirudia.

Mama kaja na basi kutoka kijijini, Mpimbwe. Goti limevimba, na kakonda. Anasema ni kazi ya mpunga tu, akipumzika kidogo anarudi kuvuna. Nimefurahi kumwona mpaka nimeunguza maharage.

Jumatano, 5 Juni
Mama anahema akienda uani. Nimeangalia viganja, nimefunua jicho: weupe mtupu. Anasema uzee. Uzee gani huo wa kumpausha mtu ghafla? Tumbo linamchoma, kasingizia maharage yangu. Kacheka. Mimi sijacheka.

Alhamisi, 6 Juni
Nimejua.

Nilichukua khanga yake nifue. Pembe zote nne zina mafundo. La kwanza, vidonge vya njano. La pili, vyekundu. La tatu, vya pinki. La nne, rozari. Kanieleza taratibu, kama anamfundisha mtoto: njano ya goti, nyekundu ya mgongo, pinki ya kichwa, rozari ya roho. Vidonge kavinunua mnadani. Anameza vyote kila siku, kimoja asubuhi, kingine mchana, kingine jioni, eti visigombane njiani. Na kabla ya kula, ili viwahi kufika.

Nimesoma herufi zilizochongwa juu yake. Meloksikamu. Diklofenaki. Ibuprofeni. Majina matatu, kazi ileile.

Nikamuuliza choo. Cheusi kama lami, siku kadhaa sasa. Alidhani ni mlenda.

Ni damu hiyo, inavuja tumboni. Nikasema twende hospitali sasa hivi. Kakataa. Mpunga umeiva, ndege wanakula, na kinachouma ni goti, tumbo linahusikaje? Nikafoka. Na yeye akanuna. Hasira zake nimezirithi zote.

Basi nikakaa chini, nikaweka Kiingereza cha chuo pembeni. Nikamwambia mwilini kuna mashine, kama ile ya kukoboa kule kijijini. Goti likiumia, mashine inatengeneza kitu kinacholeta uvimbe na maumivu. Lakini tumbo nalo linaitegemea mashine hiyo. Ndiyo inayolitengenezea ute wa kujikinga na asidi yake lenyewe. Vidonge vyote vitatu vinakwenda kuzima mashine. Havijui goti liko wapi, vinazunguka na damu kila mahali. Ute ukiisha, asidi inalitafuna tumbo.

Chuoni tulisoma kwamba mashine ziko mbili, vimeng'enya viwili, na kile cha njano kinabagua kidogo, hakilisumbui sana tumbo. Kidogo tu. Ukikiongezea wenzake, hakuna tena cha kubagua. Hilo sikumwambia Mama. Angeng'ang'ania cha njano.

Akauliza: "Kwa hiyo hawa ni ndugu?"

Wa tumbo moja, Mama.

"Na tumbo lenyewe langu." Akaomba viatu.

Ijumaa, 7 Juni
Hospitali tangu jana. Daktari kasema kidonda cha tumbo kinavuja, na kwamba angengoja mavuno, tungezungumza mengine. Damu imepungua sana. Deo, mume wangu, katoa yake. Mimi pia. Kachomwa sindano za kupunguza asidi. Nipo kwenye benchi na rozari yake. Nachanganya matendo ya uchungu na ya furaha. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Jumapili, 9 Juni
Kalala tu. Hajatapika damu. Sina la kuandika.

Jumanne, 11 Juni
USHINDI. Naandika kwa herufi kubwa, nani atanikataza.

Viganja vina rangi. Damu haivuji. Kaamka akaomba uji, kaonja, kaulaumu hauna sukari. Mtu anayelaumu uji anaishi. Nimemwambia Deo nilipatia, nilipatia mimi, kwa kuangalia viganja na mafundo ya khanga. Kanijibu nimeshamwambia hilo tangu asubuhi. Nitamwambia na kesho.

Jumamosi, 15 Juni
Mama kaigeuza wodi kigango cha kanisa. Kila mgonjwa wa jirani anaulizwa anameza nini, halafu anahubiriwa mashine ya kukoboa. Nesi kaniambia wao manesi hawapati nafasi ya kuongea. Kesho Mama anaruhusiwa. Goti litakandwa maji ya moto, na likizidi, parasetamoli. Akitaka kingine, aniulize kwanza. Kaapa. Nimemwapisha mara ya pili, namjua.

Jumatano, 19 Juni
Kaja mzee dukani, mgeni kwangu, kashika vidonge vya aina mbili. Hakuomba ya mgongo. Kavimwaga juu ya kaunta akaniuliza: "Binti, hivi ni ndugu wa tumbo moja?" Kasikia kwa mama mmoja huko hospitali.

Nikamwambia ndiyo, mzee, ndugu kabisa. Akasogeza aina moja kando mwenyewe. Miaka yote nahubiri kwenye kaunta hii, leo ndiyo nimejibiwa. Nimeingia nyuma ya rafu nikacheza peke yangu.

Jumapili, 30 Juni
Tumetoka misa. Kesho Mama anarudi Mpimbwe. Mpunga watavuna wajukuu. Yeye atafukuza ndege akiwa amekaa, ndivyo tulivyokubaliana. Anatembea polepole, goti bado lina maneno yake.

Kalala mchana, kala kashiba. Nimechukua khanga aliyovaa kwenda misa. Nimeikunja nikipapasa pembe. Ya kwanza imelegea. Ya pili imelegea. Ya tatu imelegea. Ya nne ina fundo la shanga. Sikulifungua.