Mume Wangu Yu Hai, Lakini Wafadhili Wanajua Alikufa

Mpendwa Bi Swaumu, shikamoo. Naomba msaada wako kwa jambo nisiloweza kulisema hata kanisani, maana aliyeshika kalamu ni mimi mwenyewe. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wafuga nyuki hapa Itigi, tuko kumi na wawili, na mwaka jana tuliomba ufadhili kwa taasisi moja ya Ulaya ili tupate mizinga ya kisasa na mashine ya kukamua asali, kwa sababu tangu biashara iachiwe huru wanunuzi wanashuka na treni na kutupangia bei wanavyotaka, wakisema asali yetu ni chafu. Basi bwana mmoja wa Singida Mjini, aliyetuchapia andiko la mradi kwa taipureta, akaniambia mama, wafadhili wanawapenda wajane, andika wote ni wajane, nami nikaandika, wote kumi na wawili, wakati mjane ni mmoja tu, nitamwita Klara.

Mume wangu, nitamwita Urbano, ni mzima kabisa. Tangu apunguzwe kazi reli ndiye anayechonga mizinga yetu ya magogo na kuipandisha mitini, na hata bahasha ya andiko hilo aliipeleka posta yeye, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. Sasa taasisi imejibu kwamba tumepita hatua ya kwanza, na mjumbe wake atashuka stesheni mwezi ujao tarehe kumi na nne kuwaona wajane. Wenzangu wanasema siku hiyo waume wote wapelekwe Manyoni, lakini Klara amegoma, alisimama kikaoni akasema, "Mimi ujane nimeupata kwa kuzika. Ninyi mnauazima, mgeni akiondoka mnarudi kupika chakula cha wawili." Na Urbano hajui kitu, anapaka nyumba chokaa, juzi akaniuliza, "Mama Alute, siku ya mgeni nivae lile shati la reli?" nikajifanya nachochea moto. Bi Swaumu, siku hizi akikohoa tu nashtuka, naona kama nimemwitia kifo. Nikisema ukweli kikundi kitakosa msaada, nikinyamaza nitamficha vipi mtu niliyempenda miaka kumi na tisa? Nifanyeje?

Katibu, Itigi

JIBU

Pole, mwanangu. Umebadilisha majina, ukaacha Itigi, nyuki, treni na tarehe! Hata mkata tiketi wa stesheni ameshakujua. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwa posta kwanza, gazetini litatoka baada ya wiki mbili. Sitaki Urbano ausome msiba wake kwenye karatasi ya kufungia vitumbua.

Umenikasirisha, sikufichi. Mwanaume amepoteza kazi, badala ya kushinda kijiweni akakuchongea mizinga, nawe ukamzika kwa taipureta. Lakini anayeshtuka mumewe akikohoa bado anampenda, na hapo moyo wangu umelainika. Kikohozi hicho ni cha moshi wa kufukuzia nyuki. Barua yako kwa wafadhili haikumuua mtu. Imemuumiza Klara, na itamuumiza Urbano akiisikia kwa watu.

Kwa hiyo leo hii kaa naye, umsomee ukurasa wenye kosa bila kuruka mstari. Akinuna, mwache anune. Kisha nendeni kikundi kizima kwa Klara mkamwombe radhi, mkae chini, msiishie mlangoni. Mbele yake andikeni barua mpya, kwa mkono wenu, yule bwana wa taipureta asiiguse: mjane ni mmoja, wengine mna waume, nao ndio wanaochonga na kutundika mizinga. Iwahini posta, ifike kabla mgeni hajaanza safari.

Siwezi kukuahidi kwamba mtapewa. Huenda wakawafuta, nanyi mkakamua kwa mikono mwaka mwingine, na itauma. Lakini mkipewa kwa uongo, kila mkaguzi akija Urbano atatumwa Manyoni. Utamzika mara ngapi?

Na lile swali la shati usiliache likae, mwenzio anangoja jibu. Mwambie avae, umpigie pasi mwenyewe. Mgeni akija, wa kwanza kumpa mkono pale stesheni awe marehemu.